Barua ya Wazi kwa Waziri wa Fedha na Waziri wa Biashara wa Uingereza: Mdhamini Anaomba Kuoneshwa Daftari

Waheshimiwa Mawaziri,

YAH: DHAMANA ZA SERIKALI YENU KWA MIKOPO YA KUNUNULIA SILAHA

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni Mtanzania, mzaliwa wa Handeni mkoani Tanga, na huu ni mwaka wa kumi na sita naishi nchini kwenu. Naendesha basi la abiria katika mji mmoja wa katikati ya Uingereza. Kila mwisho wa mwezi, kabla mshahara haujagusa akaunti yangu, kodi yenu imeshatoka. Hilo silalamikii. Wanangu wawili wamezaliwa katika hospitali zinazoendeshwa kwa kodi hiyo na hakuna aliyenidai senti. Nalitaja ili mjue anayewaandikia ni nani: ni mlipakodi wenu, na papo hapo ni raia wa nchi iliyowahi kuuziwa mtambo wa kijeshi na kampuni yenu kwa mkopo. Nimekaa pande zote mbili za meza.

Barua hii ni ya tatu. Mbili za kwanza niliziandika kwa Kiingereza na kuzipeleka kimyakimya, kwa watu ambao sitawataja kwa sababu sina haja ya kumwaibisha mtu. Ya kwanza ilijibiwa kwa aya tatu za shukrani, na swali langu halikuguswa hata kwa ncha ya kidole. Ya pili haijajibiwa mpaka leo. Kwa hiyo nimeona niandike hadharani, na niandike kwa Kiswahili, maana wengi wa wanaohusika na jambo hili wanasoma lugha hii. Wakalimani mnao, BBC inatangaza kwa Kiswahili tangu mwaka 1957.

Kwa ndugu zangu wasomaji ambao suala hili ni geni kwao, naomba Waheshimiwa mnivumilie kidogo. Uingereza ina idara ya serikali inayoitwa UK Export Finance, au UKEF kwa kifupi. Ilianza mwaka 1919, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ili viwanda vya Uingereza viweze kuuza nje bila hofu ya kudhulumiwa. Kazi yake ni hii: nchi fulani inataka kununua kitu Uingereza lakini haina fedha taslimu. Benki inaikopesha. UKEF inasimama nyuma ya benki na kusema, huyu asipolipa, tutalipa sisi. Kiwanda kinapata fedha zake mapema, benki inalala usingizi, na mnunuzi anaanza kulipa kidogo kidogo kwa miaka mingi. Mara nyingine UKEF hukopesha yenyewe moja kwa moja. Dhamana hiyo hiyo hutumika kwa hospitali, reli na mitambo ya umeme, na huko sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni pale kinachodhaminiwa kinapokuwa kombora au ndege ya kivita.

Na huko ndiko mnakoongeza mwendo. Mwaka 2018 mkataba wa Qatar wa ndege 24 za kivita za Typhoon ulipata mkono wa idara hiyo. (Qatar, nchi ambayo hatujawahi kuisikia ikikosa hela.) Mwaka 2023 ikaja Poland na mfumo wa ulinzi wa anga, dhamana ya pauni bilioni 1.9. Julai 2024 mkatiliana saini na Ukraine kwa kiasi kinachofika bilioni 3.5. Machi 2025 Ukraine ikapewa bilioni 1.6 za kununulia makombora zaidi ya 5,000 yanayotengenezwa Belfast, na mwezi huohuo Waziri wa Fedha, Rachel Reeves, akalitangazia Bunge kuwa UKEF inaongezewa uwezo wa pauni bilioni 2 kwa ajili ya kukopesha wanunuzi wa nje wa bidhaa za ulinzi za Uingereza. Hakusema wanunuzi gani. Alisema wanunuzi wa nje.

Niseme mapema nisije nikaeleweka vibaya: sina ubishi na Ukraine kujikinga na makombora yanayoangukia majumba ya watu. Aliyevamiwa ana haki ya kushika rungu. Hata Poland, ukiangalia ramani, unaelewa. Barua hii inahusu wale watakaofuata, na inahusu namna mdhamini anavyotendewa.

Mama yangu ni mwanachama wa kikoba kule kwetu. Sanduku lao ni la chuma, lina kufuli tatu, na funguo zinakaa kwa wanawake watatu wa vitongoji tofauti. Siku ya kikao sanduku huwekwa katikati ya mkeka. Anayetaka mkopo anasimama, anasema anataka kiasi gani na cha nini, kisha anataja wadhamini wake wawili. Hapo ndipo maswali yanapoanza. Mwaka mmoja jirani yetu aliomba mkopo wa cherehani, na mama akakubali kumdhamini. Kabla hajaweka dole gumba kwenye daftari akamuuliza: cherehani ya aina gani, inauzwa duka gani, bei yake kamili ni ipi, na hapa kijijini utamshonea nani? Watu walicheka. Lakini hakuna aliyemwambia kuwa hayo hayamhusu. Jirani alilipa miezi mitano, kisha akahamia Morogoro bila kuaga, na kilichobaki akakilipa mama kwa mbuzi wawili. Nilikuwepo mbuzi hao walipofunguliwa kamba. Mama hakumtukana mtu. Alisema tu, "Dole niliweka mwenyewe, na nilijua naliwekea nini."

Waheshimiwa, tangu nianze kulipa kodi kwenu, dole langu limeshawekwa mara nyingi, na sijawahi kuulizia bei ya cherehani. Hoja zangu ni hizi.

1. Mdhamini haambiwi anadhamini nini mpaka mambo yameshaisha.

UKEF ikitaka kudhamini bwawa la umeme au barabara kubwa inayoweza kuharibu mazingira, mradi unatangazwa kabla uamuzi haujafanywa, na taarifa ya athari zake inawekwa mahali watu waione. Huo ni utaratibu wa nchi wanachama wa OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi tajiri, na ni mzuri. Lakini utaratibu huo umeacha silaha nje kwa makusudi. Hata makubaliano ya OECD ya mwaka 1978 yanayoweka mipaka ya riba na muda wa mikopo ya aina hii, nayo yameacha silaha nje. Kwa hiyo mtu anayeishi karibu na bwawa ana mahali pa kwenda kupiga kelele. Anayeishi karibu na kambi ya jeshi itakayopokea magari ya deraya hana.

Najua jibu lenu. Mtasema silaha zina mlango wake: hakuna kinachotoka bila leseni ya kuuza nje, na leseni hupimwa kwa vigezo. Ni kweli. Tena kigezo cha nane kinataka kuangaliwe kama ununuzi huo unalingana na uwezo wa kiuchumi wa nchi inayonunua. Mimi kigezo hicho nakifahamu vizuri kuliko wengi wenu. Kilikuwepo kwenye karatasi, kimeandikwa kwa wino, siku rada yetu ilipopewa leseni.

2. Rada.

Hapa nitakaa kidogo, mniwie radhi.

Novemba 2001 Tanzania ilimaliza safari ndefu ya kuomba kusamehewa madeni chini ya mpango wa nchi maskini zenye madeni makubwa. Kwenye magazeti ya nyumbani zilikuwa habari za furaha. Tuliambiwa fedha zilizokuwa zikienda kwa wadai sasa zitakwenda shuleni, na kwa kweli zilikwenda. Ada ya shule za msingi ilikuwa imefutwa mwaka uleule na watoto walifurika mpaka madarasa yakakosa pa kuweka mguu. Mwezi mmoja baadaye, Desemba 2001, serikali yenu ikatoa leseni ya kuiuzia nchi hiyohiyo rada ya Watchman iliyotengenezwa na kampuni yenu ya BAE Systems, kwa pauni milioni 28, kwa mkopo wa benki ya Barclays. Clare Short, aliyekuwa Waziri wa Maendeleo ya Kimataifa, alipinga. Gordon Brown, aliyekuwa na kiti cha Hazina, alipinga. Tony Blair akaruhusu.

Mwaka 2002 wataalamu wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga waliitazama rada hiyo kwa ombi la Benki ya Dunia. Walikuta ni ya kijeshi zaidi, haitoshelezi kuongoza ndege za abiria, na bei yake imepita kiasi.

Yaliyofuata mnayajua kuliko mimi, maana yalisikilizwa kwenye mahakama yenu. Desemba 2010, katika mahakama ya Southwark jijini London, BAE ilikiri kosa la kutotunza hesabu sawasawa kuhusu malipo ya dola milioni 12.4 kwa kampuni za wakala wake wa Tanzania. Jaji alisema wazi kuwa ingekuwa ni ujinga uliopitiliza kuamini kwamba wakala yule alikuwa mpiga debe tu wa kulipwa vizuri. Faini ilikuwa pauni laki tano. Kampuni ikaahidi kuwalipa wananchi wa Tanzania pauni milioni 29.5, kiasi ambacho, ukikitazama vizuri, kimezidi bei ya rada yenyewe. Kule kwetu fedha hizo watu walizibatiza jina: chenji ya rada. Kabla ya hapo lilikuwa limeingia neno jingine mitaani, vijisenti, baada ya kigogo mmoja kukutwa na akaunti ng'ambo na kujibu kwamba hizo ni vijisenti tu. Yeye hakutiwa hatiani. Neno ndilo lililobaki.

Chenji ya rada ilinunua vitabu na madawati ya shule za msingi. Dada yangu ni mwalimu huko nyumbani. Vitabu vilipofika shuleni kwake alinipigia simu saa tano usiku wa huku kunieleza. Walikata kamba ya boksi kwa wembe, harufu ya gundi ikajaa ofisi ya mwalimu mkuu, na mtunza stoo akavigonga muhuri kimoja kimoja kana kwamba ni noti za benki. Darasa lake lilikuwa na watoto sabini na wawili. Watatu kwa kitabu, wa katikati ndiye anayefungua kurasa. Alikuwa na furaha, nami nilifurahi naye. Nilipokata simu nikakaa kitandani nikapiga hesabu: vitabu hivi tumevinunua kwa kukopa, kununua rada, kupandishiwa bei, kusubiri miaka kumi na kitu, na kushinda kesi ambayo hata si sisi tulioifungua.

Mtasema mkopo ule ulikuwa wa benki binafsi, hivyo nauleta mahali ambapo si pake. Sikilizeni basi sababu ya kuuleta. Mwaka 1997, kwenye mkutano wa mawaziri wa fedha wa Jumuiya ya Madola kule Mauritius, Gordon Brown alitangaza kuwa dhamana za serikali kwa nchi maskini zenye madeni makubwa zitakuwa za matumizi yenye tija tu. Silaha zikawekwa pembeni. Januari 2000 sharti hilo likapanuliwa kufikia nchi 63 maskini zaidi. Yaani mlango wa dhamana ulikuwa umefungwa mbele ya rada, na bado rada ikapita kwa dirisha la leseni, mbele ya kigezo cha nane, macho makavu. Kama hayo yalitokea wakati mlango umefungwa na waziri wa Hazina mwenyewe anapinga, mimi nisiwe na wasiwasi leo, wakati waziri wa Hazina ndiye anayetangaza mabilioni mapya?

3. Mtawala huondoka, deni hubaki.

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Kwenye mikopo ya silaha kuna la ziada: anayecheza harusini na anayekaa matangani si mtu mmoja.

Indonesia ya Suharto ilinunua ndege za Hawk na vifaru vya Scorpion kwa dhamana ya idara yenu, wakati huo ikiitwa ECGD. Mwaka 1998 rupia ilikuwa imeporomoka, Suharto akaanguka, na madeni yakapelekwa kupangwa upya kwenye kikao cha nchi wadai pale Paris. Waliolipa ni Waindonesia waliomwangusha. Na mwaka 2003 jeshi lao lilizipeleka Hawk na Scorpion hizo kwenye operesheni za kijeshi katika jimbo lao la Aceh, huku madeni ya enzi ile yakiwa bado yanalipwa.

Irak ni hadithi yenu wenyewe. Miaka ya 1980 mliendelea kuidhamini serikali ya Saddam Hussein, na ndani ya dhamana hizo kulikuwa na fungu la vifaa vya ulinzi. Agosti 1990 akaivamia Kuwait, malipo yakakoma, na mlipakodi wa Uingereza akafidia makampuni. Wanajeshi wenu wakapelekwa kupigana na jeshi lililokopeshwa kwa dhamana yenu. Jaji Richard Scott aliandika ripoti yake juu ya biashara ile mwaka 1996. Ipo. Inasomeka.

Marekani nao wana yao: mwaka 1990 waliamua kuifutia Misri deni la kijeshi la takriban dola bilioni 7, kwa sababu walimhitaji Misri katika vita hiyohiyo ya Ghuba. Hapo mtu anajifunza jinsi mambo yalivyo. Rafiki mkubwa husamehewa. Rafiki mdogo hulipa mpaka shilingi ya mwisho.

Na jirani zetu Wakenya watawaeleza kuhusu karatasi. Katika mikataba ya Anglo Leasing, iliyohusu meli ya jeshi la majini, vifaa vya polisi na mambo mengine ya usalama, serikali ilitoa hati za ahadi ya kulipa zisizorudi nyuma. Kashfa ikalipuka, mikataba ikakataliwa, lakini karatasi zikaendelea kutembea zenyewe. Mei 2014 Kenya ililazimika kulipa shilingi zake bilioni 1.4 ili isafishe njia ya kuuza hatifungani za kimataifa. Haikuwa dhamana ya UKEF, na sisemi ilikuwa. Nasema karatasi ya dhamana, ikishatiwa saini, haiulizi kama mzigo ulifika au kama bei ilikuwa halali. Ndiyo maana maswali yote huulizwa kabla ya dole gumba.

4. Bei ya dhamana yenyewe.

Mnajibu kila mara kwamba UKEF haimgharimu mlipakodi kitu, kwa kuwa hutoza ada na ada hizo hufunika hasara. Miaka mizuri ni kweli. Ila nina mfano wa kuwafikirisha.

Mwaka 1996 Marekani ilianzisha mpango wa kudhamini mikopo ya silaha kwa washirika wake, wa kufikia dola bilioni 15. Bunge lao liliweka sharti moja gumu: mnunuzi alipe ada inayolingana na hatari halisi ya kutolipa, na ada hiyo isichotwe ndani ya mkopo wenyewe. Wakaguzi wa bunge walipoangalia mwaka 1998 walikuta dhamana iliyotolewa ni moja tu, ya dola milioni 16.7, kwa Romania, ya kununulia ndege zisizo na rubani. Katika bilioni kumi na tano! Wauza silaha wakalalamika kuwa ada ni kubwa mno.

Mimi ni dereva tu, lakini ninavyoelewa, dhamana ikiuzwa kwa bei yake ya kweli wateja wanaadimika. Sasa ninyi wateja wenu wanaongezeka. Ama mna wanunuzi wasio na hatari kabisa, ama kuna mtu anayebeba tofauti ya bei bila kujua. Na sheria yenu inamruhusu waziri kuielekeza UKEF kubeba mzigo kwa hoja ya maslahi ya taifa, hata pale ambapo kwa vipimo vya kawaida hatari imezidi. Mzigo wa namna hiyo unapobebwa, ada iliyotozwa ni kiasi gani? Hilo ndilo swali lililokuwa kwenye barua yangu ya pili, ile ambayo haijajibiwa.

5. Sharti la Brown liko hai au limekufa?

Sina maneno mengi hapa. Tanzania, Uganda, Burundi, Rwanda na Kongo bado zinakopa kwenye dirisha la nchi maskini la Benki ya Dunia. Semeni kwa sentensi moja kama bilioni 2 mlizotangaza zinaweza kutumika kuuzia nchi hizo silaha.

Najua pia majibu mengine mtakayoyatoa, niyaguse hapahapa ili tusirudiane kwa barua ya nne.

Mtasema ajira. Serikali yenu ilieleza kuwa makombora ya Belfast yataleta kazi mpya 200 na kulinda 700 zilizopo. Sidharau kazi ya mtu. Nami nina vinywa vya kulisha. Lakini pauni bilioni 1.6 zikitolewa kwa namna nyingine yoyote mngeulizwa zinaleta ajira ngapi kwa kila pauni, na ingewapasa kujibu. Mabasi ninayoendesha yanabanwa matumizi hata ya kufutia vioo.

Mtasema tusipouza sisi watauza Wafaransa, au Waturuki, au Wachina. Ndivyo anavyosema kila muuza gongo kijijini.

Mtasema siri za ulinzi. Siombi kujua kombora linaruka umbali gani. Naomba jina la mnunuzi, kiasi, muda wa kulipa, ada iliyotozwa na jina la wakala aliyelipwa kamisheni. Hakuna vita iliyowahi kupotezwa kwa sababu adui alijua riba.

Na mtasema nchi yangu ni huru na ina haki ya kununua inachotaka. Hilo linaniuma zaidi kwa sababu ni kweli nusu. Waliotia saini upande wetu ni watu wetu, na lawama yao iko palepale. Nitawaandikia wao barua yao, kwa lugha kali kuliko hii. Ila kwenye kikoba cha mama, mkopaji mzembe hamwondolei mkopeshaji wajibu wa kuuliza. Hasa mkopeshaji ambaye ndiye mwenye duka la cherehani.

Waheshimiwa, ninachoomba ni hiki:

(a) Kila dhamana au mkopo wa silaha unaozidi pauni milioni 10 utangazwe angalau siku 30 kabla ya kusainiwa, kama mnavyofanya kwa mabwawa na barabara. Nchi iliyo vitani kwa kuvamiwa mnaweza kuiwekea utaratibu wa haraka, hilo nalielewa.

(b) Jina la kila wakala na kiasi cha kamisheni yake viambatanishwe kwenye tangazo hilo. Kama kamisheni haiwezi kutajwa, dhamana isitolewe.

(c) Sharti la matumizi yenye tija liandikwe kwenye sheria, kwa jina la nchi moja moja, lisiwe tangazo la waziri linaloweza kuzeeka kabatini.

(d) Mkopo wa silaha ukitaka kupita kwa hoja ya maslahi ya taifa, kamati ya Bunge iujue na ada yake kabla, wala si kwenye ripoti ya mwaka.

(e) Hazina ichapishe orodha ya madeni yote ya silaha yaliyobaki kutoka enzi za ECGD: nani anadaiwa, alinunua nini, mwaka gani, na kimebaki kiasi gani.

Nawapa siku 60 kujibu. Si vitisho, sina cha kuwatishia. Ni muda uleule ambao idara zenu hunipa mimi ninapotakiwa kuwasilisha karatasi. Majibu yakija nitayatafsiri na kuyaweka hadharani neno kwa neno, yawe mazuri au mabaya. Yasipokuja nitaweka hadharani barua zangu mbili za mwanzo pamoja na zile aya tatu za shukrani.

Nawatakia kazi njema.

Ni mimi,
Mlipakodi, na mwana wa Handeni

Nakala:
– Mbunge wa eneo ninaloishi
– Wajumbe wa kamati za Bunge zinazosimamia biashara na hesabu za serikali
– Dada, shule ya msingi, Handeni
– Mama, Handeni (atasomewa na mjukuu wake)